Mashua Ikienda Kinyume na Upepo: Kwa Nini Safari ya Siku Nane Hugeuka Wiki Mbili

Msimu wa Kusi, upepo utokao kusini, ukishika kasi, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hurudia onyo lilelile: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 katika pwani ya Tanga, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara na visiwa vya Unguja na Pemba. Huku Arusha na Moshi onyo hilo halimzuii mtu kwenda shambani, lakini vijiweni huzua mjadala. Mmoja anauliza chombo cha tanga kinasogeaje mbele wakati upepo unakipiga usoni. Mwingine anasema hao wenye mashua wana injini, waiwashe tu. Wa tatu anataka kujua usiku wanatia nanga wapi. Mjadala hupamba moto zaidi wanapofika wageni wa kupanda Kilimanjaro walioacha mashua yao Tanga, wakaeleza kwamba walikaa majini majuma kadhaa kwa safari ambayo kwenye ramani ya simu inaonekana fupi.

Maswali haya yana majibu, na karibu yote yanatokana na jambo moja: upepo wa mbisho hauzuii safari, unairefusha. Urefu huo ndio unaomaliza maji, unaochosha watu na unaosaga kamba. Anayeielewa hesabu ya njia ataelewa pia kwa nini mpishi wa mashua hujifunga mkanda, na kwa nini baharia mzoefu hataji tarehe ya kufika.

Maneno ya kuanzia

Upepo wa mbisho ni ule unaotoka kule chombo kinakotaka kwenda. Kupiga mbisho ni kuukata upepo huo kwa mshazari, mara chombo kikiuweka upande wa kulia, mara wa kushoto. Upande unakotoka upepo huitwa joshi. Upande wa pili, unakoelekea, ni demani. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na ngama ni tumbo la chini kabisa ambako maji yote yaliyoingia hukusanyika. Mkuku ni uti wa chini wa chombo. Katika mashua za kisasa za bahari kuu, chini ya mkuku hufungwa bamba zito la risasi au chuma ambalo mara nyingi huchukua thuluthi moja hivi ya uzito wa chombo chote. Maili ya baharini ni mita 1,852, na noti moja ni mwendo wa maili hiyo moja kwa saa.

Wengi hudhani tanga hufanya kazi kwa kusukumwa tu. Ni kweli, lakini upepo ukitoka tezi. Upepo ukija kwa mshazari kutoka mbele, tanga lililovutwa sawasawa huupindisha upepo ubadili njia, na katika kuupindisha tanga nalo huvutwa: sehemu kubwa ya nguvu inaelekea ubavuni, sehemu ndogo mbele. Hapo ndipo lile bamba la chini linapofanya kazi yake. Maji hayakubali kusukumwa na upana wa bamba hilo, kwa hiyo chombo hakiwezi kwenda ubavuni kwa urahisi, na kinachobaki ni ile nguvu ndogo ya kwenda mbele. Tanga bila mkuku lingekipeleka chombo demani tu.

Dereva wa Arusha anayekwenda Karatu analijua jambo linalofuata bila kufundishwa. Pale Mto wa Mbu barabara haiupandi ukuta wa Bonde la Ufa moja kwa moja. Inaupanda kwa kona, na kila kona inaongeza kilomita ili kupunguza mwinuko. Chombo cha tanga nacho kina mwinuko kisichoweza kuupanda. Mashua nzuri ya kisasa, katika maji tulivu, huweza kuelekea nyuzi 45 hivi kutoka unakotoka upepo. Ikijaribu kukaribia zaidi, tanga linapigapiga na mwendo unakufa.

Sasa hesabu. Kwa nyuzi 45, kila maili 100 unazotaka kusogea mbele zinakugharimu maili 141 za kusafiri. Lakini hiyo ni ya maji tulivu. Bahari kuu ina mawimbi yanayokigonga chombo omo, na hata mkuku mzuri huacha chombo kiteleze demani kidogo, nyuzi 5 hadi 10. Njia halisi inakuwa nyuzi 55, na zile maili 100 zinakuwa 174. Ukifika nyuzi 60 umefikia maili 200 kamili, njia mara mbili. Nyuzi 70, ambazo mashua iliyochoka yenye matanga yaliyolegea huzifikia kwa urahisi, ni karibu mara tatu. Kosa la nyuzi 10 tu kwenye usukani, ambalo kwa safari ya upepo wa nyuma lisingeonekana, hapa linaongeza siku.

Jahazi letu lina taabu ya ziada. Tanga lake la pembetatu limefungwa kwenye foramali, mti mrefu unaolibeba tanga, na foramali hiyo haiwezi kuhama upande kwa kukata upepo kwa omo. Mabaharia hulazimika kugeuza chombo kwa kuupa upepo tezi, kuihamisha foramali mbele ya mlingoti, kisha kupanda tena. Kila mgeuko unapoteza sehemu ya njia iliyopatikana kwa jasho. Ndiyo maana biashara ya majahazi kati ya Afrika Mashariki, Uarabuni na India ilifuata kalenda: kuja na Kaskazi, upepo utokao kaskazini, kurudi na Kusi. Kusubiri msimu ilikuwa hesabu nzuri kuliko kushindana nao.

Historia ina ushahidi mkali wa hesabu hiyo. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 24, 1498, akiwa na rubani anayezijua pepo za bahari hii, msimu ukianza kuelekea India. Akaiona pwani ya India baada ya siku 23 hivi. Kurudi hakusubiri Kaskazi itulie. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, akakutana na shwari na pepo za mbisho, na bahari ileile ikamchukua karibu miezi mitatu. Ugonjwa wa kukosa vitamini C, unaovimbisha ufizi na kufungua vidonda vya zamani, uliua mabaharia wake wapatao 30 katika kuvuka huko. Waliobaki na nguvu walikuwa wachache kiasi kwamba Januari 1499 aliichoma moto meli yake moja karibu na Tanga, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Hakuna tufani iliyowaua watu wale. Waliuawa na urefu wa safari.

Upepo uleule, uzito tofauti

Kuna jambo moja ambalo hata watu wa pwani hulisahau. Chukua upepo wa noti 20, yaani kilomita 37 kwa saa, chini kidogo ya kiwango cha onyo la redioni. Mashua inakwenda noti 5. Ikiwa upepo uko tezi, watu walio juu ya sitaha wanaupata upepo wa noti 15 tu, kwa sababu wanaukimbia. Wakigeuka kupiga mbisho wanaukimbilia, na upepo unaowapiga ni wa karibu noti 24. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo tanga, kamba na mlingoti vinabeba mzigo wa zaidi ya mara mbili na nusu. Bahari haikubadilika. Umebadilisha mwelekeo tu, na siku ya matembezi imekuwa siku ya kazi.

Mashua inalala upande wa demani kwa nyuzi 15 hadi 25, na inabaki hivyo mchana na usiku hadi igeuzwe. Katika bahari kuu haigeuzwi kila saa kama watu wanavyodhani. Inaweza kukaa upande mmoja siku mbili au tatu mpaka upepo uhame. Ukuta unakuwa nusu sakafu. Kila hatua ni ya kushika kitu kwanza, ndipo mguu uende.

Siku moja ndani ya chombo

Siku haina mwanzo wala mwisho, ina zamu. Watu watatu hugawana saa tatu za kazi na saa sita za mapumziko. Wawili hufanya saa tatu kwa tatu usiku kucha, na karibu na ikweta usiku ni saa 12 mwaka mzima. Mwenye zamu hasimami kwenye usukani muda wote, kwa sababu mashua nyingi zina chombo cha kujiongoza kwa upepo au kwa umeme. Kazi yake ni kutazama. Macho yaliyo mita 2 juu ya maji huona upeo ulio maili 3 hivi, na meli ya mizigo inayokwenda noti 20 huzimaliza maili hizo kwa dakika 9. Taa zake na kiwiliwili chake kirefu huonekana mbali zaidi, ndiyo maana desturi ni kuzungusha macho pande zote kila dakika 10 hadi 15, bila kuruka hata mara moja, na saa yenye kengele iwepo mfukoni. Usiku hakuna anayetoka juu bila mkanda wa usalama uliofungwa kwenye chombo. Aliyeanguka baharini gizani, mashua ikiwa imelala na mawimbi ni ya mita 2, hupotea machoni kwa dakika chache.

Alfajiri ikitoka, mwenye zamu huzunguka chombo kizima kutoka tezi hadi omo. Anatafuta vitu vidogo: pini iliyokatika chini ya waya wa mlingoti, nati iliyolegea, uzi uliofumuka kwenye tanga, mahali kamba inaposugua chuma. Kusugua ndiko kunakovunja vyombo katika pepo za mbisho. Kamba nene kama kidole gumba inaweza kusagika ikakatika ndani ya siku mbili ikikaa palepale, kwa hiyo jarari, kamba inayopandisha tanga, husogezwa sentimita chache kila siku ili sehemu mpya ibebe mzigo. Kazi hii haionekani kwenye picha za mitandaoni, na ndiyo inayofikisha watu.

Kisha ngama. Pampu hupigwa kila zamu, na mipigo huhesabiwa na kuandikwa. Jana mipigo 20, leo 20, hakuna neno. Leo 60, kuna mahali panavuja. Anayepiga pampu huyaonja maji hayo kwa ncha ya ulimi: yakiwa ya chumvi yanatoka baharini, yakiwa matamu tangi la kunywea limepasuka. Yote mawili ni mabaya, lakini kila moja lina fundi wake. Mara nyingi chanzo ni kidogo, kwa mfano tundu la mnyororo wa nanga pale omo, ambalo huzama katika kila wimbi na lilipaswa kuzibwa kwa kitambaa kabla ya kuondoka. Sinki la jikoni nalo, likiwa upande wa demani, hushuka chini ya usawa wa bahari, na maji hupanda kupitia bomba la kutolea uchafu. Valvu yake hufungwa kila baada ya kuosha vyombo.

Jikoni ndiko kunakoumiza watu. Jiko huning'inizwa kwa bawaba mbili ili libaki limesimama wima mashua inapolala, na sufuria hubanwa kwa vishikio vya chuma. Hata hivyo, mpishi hujifunga mkanda nyuma ya kiuno, hujaza sufuria nusu tu, na huvaa suruali ya mvua na viatu hata joto likiwa kali, kwa sababu maji yanayochemka yakimwagika humwagika mapajani. Chakula huliwa kwenye bakuli lenye kina, kwa kijiko, mkono mmoja ukishika chombo. Wali na maharage katika sufuria ya presha yenye kifuniko kinachojifunga ni chakula cha kuaminika kuliko vyote: hakimwagiki hata ikianguka.

Siku tatu za kwanza, hata hivyo, wengi hawali. Kichefuchefu cha bahari huwapata hata mabaharia wa miaka mingi baada ya muda mrefu nchi kavu, na mwendo wa kugonga mawimbi kwa omo ndio mbaya kuliko yote. Dawa yake hunywewa kabla ya kung'oa nanga, si baada ya kuanza kutapika. Baada ya hapo ni tangawizi, biskuti kavu, kutazama upeo wa bahari, na kulala chali katikati ya chombo ambako mtikisiko ni mdogo. Hatari si kutapika, ni kukaukiwa maji. Mgonjwa hupewa maji yenye chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko.

Soko la Kilombero la Arusha lina karibu kila kinachohitajika katika ghala la mashua. Kabichi nzima, isiyooshwa, hukaa wiki tatu au zaidi ikitolewa majani ya nje moja moja. Vitunguu vya Mang'ola vilivyokauka vizuri, viazi na malimau hukaa zaidi ya mwezi vikiwa mahali penye hewa na giza. Mayai yasiyowahi kuoshwa wala kuwekwa kwenye friji hukaa majuma kadhaa, yakigeuzwa mara mbili kwa wiki. Ndizi ni furaha ya siku tatu, maana mkungu mzima huiva kwa pamoja.

Maji ndiyo hesabu isiyosamehe. Kipimo kinachotumika sana ni lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika vikiwamo. Watu wanne kwa siku nane ni lita 128. Lakini njia ikiwa ya kona, siku nane zinakuwa 14, na lita zinakuwa 224. Juu yake huongezwa nusu nyingine ya akiba. Maji hayo hugawanywa kwenye matangi mawili au zaidi na madumu, ili tangi moja likivuja au likiingiwa chumvi, safari isigeuke msiba. Wali unaweza kupikwa kwa sehemu moja ya maji ya bahari na nne za maji matamu, na chumvi haihitajiki. Kunywa maji ya bahari, hata kidogo kidogo, ni kujiua: figo hutumia maji mengi zaidi kutoa chumvi ile kuliko yaliyonywewa.

Nguo zikilowa maji ya bahari hazikauki kabisa, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewa kila jioni. Anayekalia nguo hizo siku tano hupata vipele na vidonda makalioni. Dawa ni kikombe kimoja cha maji matamu kila siku cha kupangusia ngozi, poda, na jozi moja ya nguo kavu isiyotoka kitandani kamwe. Kitanda chenyewe kina turubai lililofungwa ukingoni kuzuia mtu asiviringike. Kwa kelele za mashua inayopanda wimbi na kudondoka nyuma yake, usingizi huja kwa vipande vya saa moja moja. Baada ya wiki, uchovu huo huanza kufanya maamuzi mabaya: tanga halipunguzwi kwa wakati, taa inaachwa, jina la kamba linasahaulika. Nahodha mzuri hupunguza tanga mapema kabla ya giza, hukubali kushuka kutoka noti 6 hadi noti 4.5, na huiacha mashua iangukie demani nyuzi 5 zaidi ili igonge kidogo. Kwenye karatasi amepoteza maili. Kwa kweli ameokoa watu na matanga.

Na injini je?

Mashua ya mita 12 inaweza kubeba lita 200 za dizeli na kuchoma lita 3 kwa saa. Hizo ni saa 66, na kwa noti 5 katika maji tulivu ni maili 330. Dhidi ya upepo wa noti 20 na mawimbi yake, mwendo hushuka hadi noti 2 au 3, na maili zinabaki kati ya 130 na 200. Isitoshe, mtikisiko hulikoroga tope lililotulia chini ya tangi, likaziba chujio, na injini huzima dakika ileile inapohitajika. Mashua iliyolala sana huweza pia kuvuta hewa badala ya maji ya kupoza. Injini ni ya bandarini, ya shwari, na ya kuchaji betri.

Nanga nayo haina kazi huko. Kati ya pwani yetu na Shelisheli kina cha bahari hufikia maelfu ya mita. Hakuna mnyororo wa kufika. Watu wakichoka kupita kiasi husimamisha chombo kwa njia nyingine: tanga la mbele huvutwa upande wa joshi, tanga kuu likiwa limepunguzwa, na usukani hufungwa ili tanga moja lishindane na jingine. Mashua hutulia, ikielea demani kwa noti 1 au 2, na ghafla mtu anaweza kupika, kulala na kushona tanga. Saa 12 za namna hiyo zinaweza kugharimu maili 20. Wengi hungoja mno kabla ya kufanya hivyo, kwa kuona aibu.

Upepo pia hauko peke yake. Mkondo wa pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa Kusi hukimbia zaidi. Wakati wa Kaskazi, anayetoka Dar es Salaam kwenda Tanga ana mkondo unaomsaidia na upepo unaompinga. Vikikutana hivyo, mawimbi hufupika na kusimama wima, na upepo wa wastani tu hutengeneza bahari mbaya.

Kutoka Tanga hadi Mahé, Shelisheli, ni maili kama 980 kuelekea mashariki moja kwa moja. Upepo wa Kusi ukielemea kusini zaidi kuliko kusini-mashariki, mashua inaweza kuishika njia bila kugeuka. Ukihamia mashariki, kila maili inapatikana kwa kona. Kwa noti 5, siku nane zinakuwa 14, na hakuna aliyekosea. Kurudi kutoka Mahé hadi Tanga upepo huohuo ni rafiki.

Ofisi ya utalii ya Arusha au Moshi inayompokea mgeni wa namna hii isimwekee tarehe ya kupanda mlima kwa kugawa maili kwa mwendo. Imwombe mambo matatu kabla hajaondoka: idadi ya watu na rangi ya chombo, kama ana simu ya satelaiti, na tarehe mbili, ya kwanza ya matarajio na ya pili ya kuanza kuuliza. Ya pili iwe imehesabiwa kwa njia ya kona, pamoja na siku tano juu yake. Kabla ya tarehe hiyo, ukimya si habari mbaya. Betri zenye chumvi huzimisha simu kila mara. Tarehe ikipita, apigiwe simu mtu wa familia aliyeachiwa mpango wa safari, kisha taarifa ipelekwe kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji majini kilichopo Dar es Salaam, ikiwa na mahali pa mwisho chombo kilipojulikana kuwapo na upande kilikokuwa kikipiga mbisho. Kwa hayo mawili waokoaji wanaweza kukisia kilikofika.